Bei ya Mlango Namba Tano

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeshapata godoro, maana mara ya mwisho ulisema unalalia maboksi ya vipuri hapo ghalani, na sisi hatukujua kama ulikuwa unatania. Huku hatujambo. Mama ni mzima, ila vidole vya mkono wake wa kulia vimeanza kukakamaa kwa ile gundi ya maboksi ya viberiti. Akirudi kutoka kiwandani huviloweka kwenye maji ya moto na kuniambia nimsomee chochote, hata kitabu cha jiografia. Mimi niko kidato cha tatu sasa. Nimefanywa msaidizi wa maktaba ya shule, cheo ambacho hakikuwa na ushindani, kwa kuwa maktaba yenyewe ni kabati mbili na ufunguo mmoja.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inaita tu. Na hata ungepokea, unanijua. Kwenye simu nabaki kusema "ndiyo, ndiyo" mpaka salio linaisha. Dereva wa lori la kiwanda, jirani yetu wa mlango namba tatu, amekubali kuwa posta wetu. Hupita huko kwenu kila baada ya wiki mbili tatu kushusha viberiti.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi mwenye nyumba alipanda ngazi akitabasamu. Wewe ndiye uliyempa jina la Tabasamu, kwa hiyo sina haja ya kukueleza maana yake. Tulimpa kiti, akakataa kukaa.

"Dada," akamwambia Mama, "kuanzia Juni nyumba hii ni tisini."

"Elfu tisini? Kutoka sitini?"

"Barabara inajengwa. Wanakuja wahandisi, watu wa kulipa bila kuuliza. Ninyi nawapa bei ya heshima. Ila iwe siri yetu, tafadhali. Majirani wakisikia watanila mzima mzima."

Alipoondoka, Mama alichukua ufagio akafagia pale aliposimama, ingawa palikuwa safi.

Mjomba, kwa mshahara wa Mama, tisini haiwezekani, labda mimi niache shule. Mama amesema hilo halitatokea akiwa hai. Basi linalobaki ni kuhamia chumba kimoja nyuma ya gereji, kisicho na dirisha. Nimekwenda kukiona. Nilisimama katikati, nikanyoosha mikono, nikagusa kuta zote mbili.

Wewe ndiye uliyetutafutia nyumba hii baba alipofariki, miaka sita iliyopita, na jina lako ndilo lililo kwenye mkataba. Je, unayo nakala? Inasemaje kuhusu kupandisha kodi? Ningependa kuisoma mwenyewe.

Mama anakusalimu. Anauliza utakuja lini. Ni miaka miwili sasa.

Mpwa wako


3 Machi

Kwa Profesa wa Kabati Mbili,

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya godoro, naam, nimelipata, na linanuka kama mzee aliyeniuzia. Huku joto ni la kuchemsha mayai. Kazi si mbaya. Nahesabu vipuri vinavyoingia, nahesabu vinavyotoka, na vinavyopotea nahesabu mara mbili. Mwambie dada vidole avipake mafuta kabla ya gundi, asingoje baada. Nilimwambia zamani, lakini dada yangu hasikii la mdogo wake.

Kuhusu mkataba, sijui uko wapi. Nilihama na begi moja.

Sasa nisikilize. Tabasamu si mtu wa kubishana naye. Lipeni hiyo tisini, msimnunie. Ndani ya bahasha aliyokuja nayo dereva mna elfu thelathini, yaani ile nyongeza yote. Nitatuma hivyo kila mwezi, hata nikila mkate mkavu. Sharti langu ni moja tu: usiende kuulizana na majirani wanalipa kiasi gani. Nakujua, wewe ukishika swali huliachi. Kodi ya mtu ni kama mshahara wake, au umri wa shangazi yako: haviulizwi. Waachie wakubwa mambo ya wakubwa. Wewe soma.

Kuja, tutaona. Ghala halina mtu mwingine.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama ameanza kupaka mafuta kabla ya gundi na amekiri kuwa yanasaidia, ila amenikataza kukuandikia hivyo. Shuleni tumemaliza mitihani ya katikati ya muhula. Nimefanya vizuri kwenye yote, isipokuwa ule wa kuzungumza mbele ya darasa, ambapo nilisimama dakika mbili nzima nikiangalia saa ya mwalimu.

Thelathini yako nakurudishia pamoja na barua hii. Usifikiri hatuihitaji. Mama aliiweka bahasha chini ya mto siku mbili, siku ya tatu akanipa. Nairudisha kwa sababu imekuja na sharti, na sharti lenyewe nilikuwa nimeshalivunja siku nne kabla barua yako haijafika.

Nieleze nilivyofanya. Kugonga mlango wa mtu na kumuuliza kodi yake nisingeweza hata kwa kulipwa. Kwa hiyo nilikata vikaratasi kwenye daftari langu la hesabu, nikaandika: "Unalipa kodi kiasi gani kwa mwezi? Usiandike jina. Rudisha chini ya mlango namba tano." Nikavisukuma chini ya milango yote wakati watu wako kazini, nikakimbia kama mwizi. Nilijiona nimeficha kila kitu. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba nimewaambia watu wasiandike majina, halafu nikaandika mlango wangu mwenyewe.

Wa kwanza kujibu hakutumia karatasi. Alikuwa mama wa kantini ya kiwanda, wa namba mbili, na pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi.

"Ni wewe unayenitumbukizia vikaratasi mlangoni?"

Nikasema samahani.

"Mimi nilidhani ni barua ya mchumba! Nimetafuta miwani nyumba nzima, bure!" Kisha akashusha sauti. "Themanini. Na mlango wa choo haufungi. Andika na hilo la choo."

Waliobaki walijibu mmoja mmoja, kila mtu akileta karatasi yake mwenyewe. Msimamizi wa zamu aliandika kwa wino mwekundu kama anasahihisha mtihani. Mlinzi wa geti la kiwanda anatoa sabini, dereva tisini na tano, fundi wa mashine laki na kumi, msimamizi laki na thelathini. Sisi sitini. Kila mmoja ameambiwa aongeze nusu kuanzia Juni, na kila mmoja ameambiwa kwamba yeye ndiye mwenye bei ya heshima na kwamba iwe siri.

Mjomba, nyumba hizi ni sawasawa. Nilihesabu vigae vya sakafu kwetu, mama wa kantini akahesabu vyake, dereva vyake. Kumi na tisa kwa kumi na viwili, kila mahali. Wote tunapanda ngazi zile zile na maji yanatukatikia saa ile ile.

Kisha fundi wa mashine akaniambia neno ngazini, akicheka kwa uchungu: "Theluthi ya mshahara wangu inaishia kwa yule bwana, hata shilingi haizidi wala haipungui." Neno hilo halikuniacha. Nikasukuma vikaratasi vya pili: "Je, kodi yako ni theluthi ya mshahara wako? Jibu ndiyo au siyo." Wote watano wamejibu ndiyo, na mishahara ya kiwanda haijapanda tangu uondoke. Ni sisi tu ambao si theluthi. Sisi ni robo.

Wewe umesema mshahara wa mtu hauulizwi. Sasa Tabasamu aliujuaje? Hafanyi kazi kiwandani, wala hana ndugu kule. Wewe ulikaa dirisha la mishahara miaka saba. Ulikuwa karani, kila bahasha ilipita mkononi mwako. Hukuwahi kumwona mtu akiulizia?

Nijibu hili moja, hata kama mengine hutajibu.

Mpwa wako


26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Dereva amekwenda huko mara mbili na amerudi mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema uko bize. Mara ya pili nilimsubiri kwenye lori, akakuna kichwa, akasema, "Mjomba wako aliipokea barua, akaisoma amesimama, kisha akaniuliza habari za matairi. Hakunitazama usoni." Naandika tena hata hivyo, maana kuna mambo yametokea na moja ni kosa langu.

Mama ni mzima. Mimi sili vizuri, lakini si homa.

Mama wa kantini alinishauri tubandike bei zote ukutani pale ngazi zinapoanzia, kila mtu aone. Nilikubali. Nikaandika bei sita kwa herufi kubwa, bila milango wala majina. Nilijiambia kwamba nalinda siri za watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda ya kwetu.

Kwa siku mbili watu walisimama pale wakikaribia kucheka, jinsi walivyokuwa na hasira. Siku ya tatu wakaanza kuulizana: nani huyu wa sitini? Na kwa kuwa mlinzi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, na huwa anampigia Tabasamu saluti kwa mazoea ya kazi, wakaamua ni yeye. Hakuna aliyemuuliza. Dereva akaacha kumpa lifti ya kwenda kiwandani. Mtu akashusha nguo za mke wake kwenye kamba na kuziweka kwenye beseni, zikiwa bado na maji. Mama wa kantini alimwambia mbele ya watoto wake, "Afande, hongera kwa bei ya kirafiki."

Mlinzi alinikuta ngazini nikirudi shule. Akavua kofia. Mimi mtoto, akanivulia kofia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika ile karatasi. Waambie sabini ni mimi."

Nikasema ndiyo. Nikapanda juu, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni. Mjomba, nilikaa na lile jambo siku nne. Nilijua nikisema, majirani watatugeukia, na Tabasamu atajua nani alianza. Nilikiwaza kile chumba cha gereji. Siku ya tano nilishuka na kalamu nene, na kando ya kila bei nikaandika namba ya mlango. Nilianza na yetu.

Mama aliliona akirudi kazini. Aliingia ndani bila kuvua viatu.

"Umetuvua nguo hadharani."

"Mlinzi alikuwa amevuliwa zake, Mama."

Alininyooshea kidole, kile kilichokakamaa, kisha akakishusha. "Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo," akasema. Kisha akatoka, akateremka hadi namba moja kumwomba mlinzi radhi. Mimi nilimfuata nyuma, nikasimama tu mlangoni.

Tangu hapo hakuna anayetusalimia vizuri. Mama wa kantini alinipita akasema, "Kumbe! Umetufumbua midomo sote, wako ukaufumba." Na ni kweli. Na jana Tabasamu amekuja, hakupanda hata ngazi, amesimama chini akapaza sauti ili nyumba zote zisikie: "Namba tano wamenitia fitina. Juni sitaki tisini yao tena. Nataka nyumba yangu."

Basi nakuuliza bila kuzunguka, na samahani kwa kukosa adabu. Kwa nini sisi tulilipa sitini? Ni wewe uliyempa mishahara ya watu?

Usiponijibu nitahesabu kwamba umenijibu.

Mpwa wako


14 Mei

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne nimechana.

Ni mimi.

Baba yako alipofariki mlikuwa mnalala sebuleni kwa watu, wewe na mama yako, na mwenye sebule alishaanza kuhema kwa sauti kila mnapotandika. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kiwanda, hakiruhusu familia. Nilikwenda kwa Tabasamu. Nyumba ilikuwa themanini. Nikamwambia dada yangu hawezi. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, alitabasamu, na ndiyo siku nilipompa lile jina, ingawa ninyi niliwaambia ni utani.

Akasema: niletee orodha ya mishahara ya wapangaji wangu, karatasi moja tu, nami nitampa dada yako kwa sitini. Niliona ni kitu kidogo. Karatasi haina damu. Nikampelekea. Januari iliyofuata akaitaka nyingine, na nyingine. Nilimpelekea nne. Kila mwaka niliwaona wale watu wakija dirishani kwangu kuchukua bahasha, wakiniambia, "Karani, mwenye nyumba kaongeza tena, sijui ana mchawi gani." Nami nawahesabia hela yao. Mchawi ni mimi.

Niliondoka kwa sababu nilichoka kuwapa mikono. Hakukuwa na kazi nzuri zaidi huku. Na nilipoondoka sikuwa tena na cha kumpa, ndiyo maana hana haja na ninyi.

Mama yako hajui. Nilimwambia kwamba Tabasamu ana huruma na wajane.

Ichome barua hii. Ikifika kwa meneja wa kiwanda, atapiga simu moja tu, na mimi sitaajiriwa tena penye karatasi wala penye hela. Nimebakiwa na mikono hii ya ukarani. Kama unanipenda, ichome.

Na kama huwezi kuichoma, basi walau niombee kwao: waombe wanisamehe, mlinzi, dereva, fundi, msimamizi, na yule mama wa kantini ambaye alinilisha kwa mkopo mwaka mzima. Waambie sikulala vizuri hata siku moja. Waambie nilikuwa na dada na mtoto.

Mjomba wako


4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, na anakula. Mimi sijambo. Shule zinafungwa wiki ijayo. Dereva anakusalimu, na utaona hapa chini kwa nini salamu hiyo ina uzito.

Barua yako dereva aliiweka kwenye mfuko wa shati siku tatu akiwa safarini, bila kujua kwamba yeye mwenyewe yumo ndani. Niliisoma maktabani, mlango wa kabati ukiwa wazi mbele yangu ili mtu akiingia asinione uso. Kisha nikampa Mama. Niliona ni haki yake kuliko yangu. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Maji yake ya moto yakapoa.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita namshukuru yule mtu kwa huruma yake. Nilimpelekea mayai."

Nikamwambia umeomba ichomwe. Kiberiti kilikuwa mezani; kwetu kiberiti hakikosekani. Alikitazama muda mrefu. Sitakudanganya, Mjomba, alilia, na alikulilia wewe. Kisha akasogeza kile kiberiti pembeni, akasema, "Waite watu. Soma."

"Mama, soma wewe."

"Vikaratasi niliandika mimi?"

Basi Jumamosi mchana watu wote walikaa ngazini, kila mmoja kwenye kidato chake, na mimi nikasimama chini. Niliomba nisome nimewapa mgongo, mama wa kantini akasema, "Geuka, mtoto, hatung'ati. Bado." Karatasi ilitetemeka mpaka herufi zikaruka. Msimamizi wa zamu alishuka, akashika upande mmoja wa karatasi, mimi upande mwingine, nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyekohoa.

Nilipomaliza, fundi wa mashine alisema tu, "Siku anaondoka nilimpa mkono." Dereva akaanza kucheka, "Na mimi ndiye niliyeileta! Kwa mafuta ya kampuni!" akacheka mpaka akajishika ukuta, na mwisho hakikuwa kicheko. Mama wa kantini alisimama, akamgeukia Mama. "Kwa hiyo wewe umekaa hapa kwa jasho letu."

"Ndiyo," Mama akasema. "Sikujua. Lakini nimekaa. Kuanzia leo, hapana."

Aliyefuata kusema ni mlinzi, yule tuliyemtendea vibaya kuliko wote. Aliongea kana kwamba anauliza: "Vigae si ni vile vile? Kama sabini inamtosha kwangu mpaka leo, na hajafa njaa, itamtosha na kwenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Walikaa tu wakilitafuna lile neno, kisha mama wa kantini akaenda ndani kwake, akarudi na sufuria kubwa, akaiweka kwenye kidato cha chini kabisa.

Jana Tabasamu alikuja kukusanya. Hajawahi kutukuta wote pamoja; kawaida yake ni mlango mmoja mmoja, kwa kunong'ona. Jana alikuta watu kumi na mmoja wamekaa ngazini toka chini hadi juu, hana pa kupita, na sufuria mbele yake.

"Nini hiki?"

"Kodi yako," akasema msimamizi. "Milango sita, sabini kila mmoja. Hesabu."

Akatabasamu. "Mnanitania. Na namba tano nilishawaambia watoke."

"Wakitoka wao tunatoka wote," akasema dereva. "Lori langu lile pale. Nyumba sita, safari mbili tu."

"Tokeni! Wahandisi wangu wako njiani."

"Wahandisi wako wamejengewa kambi kule machimboni. Wana vitanda, wana feni, hata mpishi wanaye. Wiki iliyopita nimewashushia viberiti mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza habari za ngazi zako."

Hapo tabasamu lilianza kulegea upande mmoja. Akasema atakwenda polisi. Msimamizi akamjibu kwa upole, kama anavyomjibu mtu aliyechelewa zamu, kwamba akienda apitie na kwa meneja wa kiwanda, kwa sababu tunayo barua yenye habari za karatasi nne za mishahara, na meneja atapenda kujua zilimfikia nani. Tabasamu aliyatafuta macho ya Mama. Mama hakuinama. Akayatafuta yangu. Nilijua, Mjomba, kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote.

Nikasema, "Na risiti, tafadhali. Sita."

Hajawahi kuandika risiti tangu tumehamia. Aliandika zote sita akiwa ameegemea goti lake, kwenye karatasi za daftari langu la hesabu, kwa kalamu yangu. Kila moja sabini. Alipochukua hela alisema, "Mwezi huu tu." Mama akasema, "Na mwezi ujao tupo hapa hapa."

Tunajua atarudi na hila nyingine. Msimamizi anasema tutakaa ngazini tena. Sisi tumeongezewa kumi, na Mama ameilipa akiwa amenyoosha mgongo, sijamwona hivyo tangu baba alipokuwa hai. Mlinzi amerudishiwa lifti yake. Mama wa kantini bado ananiita Bibi Vikaratasi na bado hajamsalimia Mama vizuri, lakini jana aliacha mlango wake wazi tulipopita.

Sasa kuhusu wewe. Sikuichoma. Meneja hajapelekewa, na msimamizi ameahidi haitapelekwa maadamu Tabasamu anapokea sabini. Kama ahadi hiyo itavunjika na ukapoteza kazi, nitakuwa nimeshiriki, na sitajificha. Uliniomba kama nakupenda niichome. Nakupenda. Ningeichoma, sisi tungekuwa kwenye chumba cha gereji, na wao wangeendelea kumtafuta mchawi.

Lakini sikuisoma yote. Ile aya ya mwisho, inayotaja mlinzi na dereva na kantini, niliifikia, wote wakinitazama, nikakunja karatasi. Walidhani imeisha. Mama peke yake ndiye aliyejua. Naweza kusoma mbele ya watu sasa, kumbe, hata mambo mazito. Lakini ombi hilo la msamaha si langu kulisoma.

Nimeikata kwa mkasi, nimeitia ndani ya bahasha hii. Dereva anarudi huku Ijumaa na kiti cha mbele kiko wazi; nimemuuliza, amesema, "Mwache aje, nitakuwa na saa tisa za kumwuliza habari za matairi." Watu watakaa ngazini.

Njoo uisome mwenyewe.

Mpwa wako,
mlango namba tano